Shangazi, nianze na sindano za Kichina au niende moja kwa moja kupandikiza mimba?

Shikamoo Shangazi,

Nakusoma tangu nikiwa chuoni, sikujua kama iko siku nitakuandikia mimi. Nina miaka 37, Desemba naingia 38. Ndoa yangu ina miaka 6, tunaishi Tabata. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya malori, mume wangu anauza vipuri. Mtoto hatujajaliwa.

Mwaka wa pili wa ndoa nilishika mimba, kumbe imetunga nje ya kizazi. Nilianguka bafuni, nikakimbizwa hospitali usiku usiku, kuja kuamka mrija wa kulia haupo. Tangu hapo kimya. Mwaka jana tukaenda kwa daktari wa uzazi. Nikafanyiwa kile kipimo cha kuingizwa dawa kwa chini huku wanapiga eksirei (Mungu anisamehe maneno yaliyonitoka siku ile), halafu ultrasaundi. Majibu ni kwamba mrija wa kushoto, huo mmoja uliobaki, umeziba mwishoni na umejaa maji. Maji yenyewe yanaonekana kabisa kwenye ultrasaundi.

Daktari akasema njia yetu ni IVF, tupandikize, ila kwanza mrija huo utolewe kwa operesheni ya matundu. Upandikizaji na dawa zake ni milioni 15, operesheni milioni 3.5. Tumeshaweka milioni 12. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Hapo ndipo wifi yangu alipoingia. Yeye alihangaika miaka 3, hedhi inaruka hata miezi miwili. Akaenda kliniki moja ya tiba ya Kichina hapa mjini, akachomwa sindano, leo ana mapacha wa mwaka mmoja. Alikuwa pia anameza vidonge vya hospitali siku 5 kila mwezi, lakini anasema vile ni vya kawaida tu, kilichomsaidia ni sindano. Akanipeleka. Mtaalamu akanitazama ulimi, akanishika mapigo mikono yote miwili, akasema kizazi changu kina baridi na damu haitembei. Akaniambia sindano zitafungua mrija na kukausha maji, niende mara 2 kwa wiki kwa miezi 6, kila mara 50,000. Tena kuna unga wa mitishamba wa kunywa, 180,000 kwa mwezi. Na operesheni nisithubutu, maana mrija ukishatolewa hata yeye hataweza kunisaidia.

Nimeshakwenda mara 2. Shangazi, sikufichi, usiku ule nililala usingizi ambao sijaupata miezi mingi. Mume wangu amefurahi, operesheni anaiogopa kuliko mimi, hela ya sindano alitoa bila kuulizwa mara mbili. Lakini daktari aliagiza na yeye apimwe mbegu, tukapewa kikopo. Kikopo kiko kabatini nyuma ya mashuka, mwezi wa nne huu.

Mama mkwe yuko Muheza, anapiga simu kila Jumapili. Haulizi moja kwa moja. Anasema, "Haya, mko wangapi huko sasa?"

Je, hizi sindano ni kweli? Naweza kufanya vyote viwili, au daktari atanifukuza? Na nikitoa huu mrija, Shangazi, nitakuwa nimebaki na nini?

Mwanao, Tabata

* * *

Marahaba mwanangu.

Pole. Na pole hii ni ya bafuni kwanza, maana watu wakishaona mtu amepona operesheni hujisahau, hakuna anayekumbuka kumpa pole ya ile mimba yenyewe.

Utaniwia radhi nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo lililokuandikisha barua hii. Ukitoa mrija unabaki na ovari zako mbili, mayai yako na kizazi chako. Kupandikiza mimba kunahitaji hivyo tu. Mayai huchukuliwa kwenye ovari kwa sindano ndefu inayopitishwa ukeni huku daktari anatazama ultrasaundi. Yanakutanishwa na mbegu maabara. Kisha kiinitete, yaani yai lililokwisha kutungwa, kinawekwa ndani ya kizazi kwa mpira mwembamba kupitia mlango wa kizazi. Mrija haupitiwi popote, si kwenda wala kurudi. Njia hii ilibuniwa kwa ajili ya wanawake wa namna yako hasa: mama yake Louise Brown, yule mtoto wa kwanza wa IVF aliyezaliwa Uingereza Julai 1978, mirija yake ilikuwa imeziba.

Kwa hiyo mrija ulionao, jinsi ulivyo leo, hausaidii kitu. Ungekuwa hausaidii tu ningekwambia uache ukae, lakini huu unadhuru. Maji yale hayatulii. Yanavuja kidogo kidogo kurudi kwenye kizazi, yanakikuta kiinitete kimewekwa pale kinatafuta pa kushika. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa nchi za Skandinavia wa wanawake 200 na ushee wenye tatizo lako hili. Waliotolewa mirija kabla ya kupandikiza, asilimia 28.6 walijifungua baada ya jaribio la kwanza. Walioachwa na mirija yao yenye maji, asilimia 16.3. Na walionufaika zaidi ni wale ambao maji yao yalionekana kwenye ultrasaundi, ambayo ndiyo hali uliyoniandikia. Daktari wako hakukuambia ukatwe kwa kupenda kukata.

Kama roho inakataa kabisa neno "kutoa", muulize daktari habari ya kuubana au kuufunga mrija pale unapoungana na kizazi, ili maji yasishuke. Kwa baadhi ya wanawake inatosha. Muulize pia atailindaje ovari ya upande huo asiipunguzie damu wakati wa operesheni. Hayo ni maswali halali, daktari mzuri hayamkasirishi.

Tuje kwenye sindano.

Mimi nimechomwa, tena si mara moja, kwa ajili ya bega lililokuwa halinyanyuki hata kuanika nguo. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu wa kusikia. Kwa ambao hawajaziona: ni nyembamba sana, nyingi unene wake ni kama milimita 0.25, wakati ile ya kutolea damu maabara inakaribia 0.8. Haina tundu wala haiingizi dawa. Inakuja ndani ya kijimrija cha plastiki, mtaalamu anakisimamisha juu ya ngozi, anagonga kichwa cha sindano kwa ncha ya kidole, tayari imeingia. Husikii uchungu, unasikia uzito, kama mkono ulioulalia. Kisha wanakufunika shuka, wanazima taa, wanakuacha. Mara ya kwanza nilikoroma mpaka binti wa mapokezi akaja kuchungulia.

Wala si mambo mageni kwetu. Timu za madaktari wa Kichina zinakuja Zanzibar tangu 1964 na bara tangu 1968, na sindano zilikuja nao. Wako wazee wa Unguja watakaokwambia walivyochomwa magoti wakarudi msikitini kwa miguu. Kwa maumivu sina ugomvi nazo.

Kwa uzazi, habari ni nyingine, na nitakueleza ilivyokwenda, maana mtaalamu wako amekueleza nusu yake. Zamani kidogo, 1996, watafiti wa Sweden waliwachoma wanawake 10 sindano zenye umeme mdogo wakaona damu inapita vizuri zaidi kwenye mishipa ya kizazi. Hapo ndipo msemo wa "damu itatembea" unapopata nguvu. Lakini wanawake 10 ni wachache, na damu kupita si mimba. Halafu 2002 Wajerumani wakawachukua wanawake 160 wa IVF. Nusu yao wakachomwa sindano dakika 25 kabla ya kuwekewa kiinitete na dakika 25 baada yake. Kundi la sindano, asilimia 42.5 wakashika mimba. Lile lingine, 26.3. Dunia ikazizima! Kliniki za uzazi kila pembe zikaanza kuweka vitanda vya sindano, na hizo namba bado zinabandikwa ukutani mpaka leo.

Kasoro yake ilikuwa kwamba kundi la pili halikuchomwa kitu, kwa hiyo kila mtu alijua yuko kundi gani. Ukitaka kujua kama ni sindano iliyofanya kazi au ni matumaini na kule kulazwa na kushughulikiwa, lazima wote waamini wamechomwa. Ndivyo walivyofanya Australia na New Zealand, na majibu yakatoka 2018. Walikuwa wanawake 848. Wengine walichomwa sindano za kweli, wengine sindano za kuigiza, ambazo ukiitazama ni sindano na inagusa ngozi, ila haitoboi, tena imewekwa mahali pasipo pointi, yaani pasipo zile sehemu za mwili wanazochoma wenyewe. Waliojifungua mtoto hai kwa sindano za kweli walikuwa asilimia 18.3. Kwa zile za kuigiza, 17.8. Mwanangu, wewe ni mhasibu. Tofauti hiyo ungeiandika kwenye mahesabu ya kampuni kama faida?

Sasa wifi yako, na hapa naomba usimpelekee gazeti, maana sitaki kuvunja undugu wa watu.

Wifi yako hakuwa na ugonjwa wako. Mtu ambaye hedhi yake inaruka miezi miwili mara nyingi shida yake ni yai kutokomaa na kutoka kwa wakati. Mirija inaweza kuwa mizima kabisa. Na vidonge vya hospitali vya siku 5 kila mwezi, siwezi kuapa kwa kuwa sikuviona, lakini vinafanana sana na klomifeni, ambavyo wengi mnaviita Clomid. Kazi yake ni kuamsha yai, na moja ya mambo yanayojulikana kuhusu dawa hiyo ni kuleta mapacha. Mapacha wale nadhani wanajieleza wenyewe.

Jambo lenyewe limeshapimwa, tena China kwenyewe, ambako hakuna anayeweza kusema watu hawajui kuchoma. Mwaka 2017 yalitoka majibu ya wanawake 1,000 wenye ovari za vifuko vifuko, wale ambao hedhi zao zinarukaruka. Wakagawanywa makundi 4. Waliopata klomifeni na sindano za kweli, asilimia 29.4 walijifungua. Klomifeni na sindano za kuigiza, 28.0. Sindano za kweli na kidonge kisicho na dawa, 13.9. Sindano za kuigiza na kidonge kisicho na dawa, 16.8. Soma tena taratibu uone kilichobeba mzigo.

Simlaumu wifi. Kidonge unakimeza kwa glasi ya maji dakika moja, unasahau. Sindano unapanda daladala kuifuata, unavua nguo, unashikwa mkono, unaulizwa umelalaje. Mtoto akipatikana, moyo unamshukuru aliyekushika mkono.

Lakini kwako, kliniki ile imevuka mpaka. Kusema sindano zitakutuliza ni sawa. Kusema zitafungua mrija ulioziba na kukausha maji yake, hilo sijaliona likithibitishwa popote, na sioni litatokeaje. Mrija wa namna hiyo kwa kawaida umeharibiwa na maambukizi ya zamani, klamidia au kisonono ambacho mtu hata hakukihisi, ukaacha makovu. Kovu halisikii sindano ya mguuni. Na kukwambia usithubutu operesheni, hapo mtaalamu wa sindano ameingia kwenye kazi ya daktari bila kukaribishwa.

Kuna hatari nyingine ambayo sioni kama alikutajia, na hili naomba ulisome na mume wako. Wewe ulishawahi kupata mimba nje ya kizazi, na mrija uliobaki ni mbovu. Tuseme ule mwezi wa tatu wa sindano hedhi ikachelewa. Nyumbani mtashangilia. Mimi ningekwambia kimbia hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mimba ikipenya kwenye mrija kama huo inaweza kunasa humo humo. Hedhi imechelewa na unaumwa upande mmoja wa tumbo, au kizunguzungu, au maumivu ya bega yasiyoeleweka, usingoje asubuhi na usipigie kliniki ya sindano. Bafuni unapajua.

Utauliza kama uache kabisa. Sijasema hivyo, na ule usingizi ulioniandikia siwezi kuudharau. Ziko tafiti zilizowauliza wanawake wa IVF wanajisikiaje, si mimba tu, na baadhi zikakuta waliochomwa sindano wasiwasi ulipungua. Mtu ambaye kila Jumapili anaulizwa mko wangapi anastahili dakika 40 za chumba chenye giza ambacho hakuna anayemuuliza kitu. Kama unazipenda, ziendee kwa ajili hiyo, na uzilipie kama unavyolipia kitu cha kukutuliza. Mara moja kwa wiki inatosha, tena kwa kipindi chako kigumu, si miezi 6.

Kipindi kigumu utakijua kikifika. Utajichoma sindano za homoni tumboni siku 10 au 12 hivi, dawa nyingine ziko kwenye friji pembeni ya maziwa. Halafu sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, hiyo saa yake hairukwi, hata kama ni saa 5 usiku, kwa sababu mayai yanavunwa kama saa 36 baadaye. Kiinitete kinarudishwa siku ya 3 au ya 5. Kisha kama wiki 2 za kungoja kipimo. Wote waliopita njia hii ninaowajua wanasema sindano zote walizivumilia, ila hizo wiki 2 ndizo zilizotaka kuwatoa akili. Wapo wanaochomwa sindano za Kichina siku yenyewe ya kupandikiza. Kama kliniki yako ya uzazi ina mtaalamu humo ndani, sawa. Lakini kutoka kitandani pale, upite foleni ya Ubungo kwenda kuchomwa mji wa pili, halafu urudi Tabata jioni, utulivu gani huo?

Ukiendelea, daktari wako ajue. Hatakufukuza. Madaktari wengi wa uzazi hawana neno na sindano, wanachokataa ni kufichwa. Akikuandikia dawa ya kuzuia damu kuganda, wengine hupewa sindano zake wakati wa kupandikiza, mtaalamu wa Kichina lazima aambiwe, la sivyo utarudi na mabaka meusi. Ukishawekewa kiinitete, asiguse tumbo wala kiuno, na zipo pointi za mkononi na juu ya kifundo cha mguu ambazo wenyewe hawawachomi wajawazito. Kama hazijui hizo bila kuambiwa, vaa viatu uondoke. Sindano zifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti, zitumike mara moja, zitupwe kwenye boksi la vitu vyenye ncha. Homa ya ini ya B imewahi kusambaa kwa sindano za namna hii zilizorudiwa. Na ukutani kuwe na cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Baraza hilo lipo kwa sheria ya 2002, na mtu anayetoa tiba hizi anatakiwa awe amesajiliwa. Si ufidhuli kuuliza.

Ule unga, acha leo. Hapa sina "lakini". Hujui ndani kuna nini, na utakuwa unapewa homoni zilizopimwa kwa kipimo. Miaka ya mwanzo ya 1990 huko Brussels, wanawake wapatao 100 waliharibikiwa figo baada ya kunywa vidonge vya mitishamba ya Kichina kwenye kliniki ya kupunguza uzito. Mmea mmoja ulichanganywa na mwingine. Wale nao waliambiwa ni vya asili. Kama umeshakunywa, mpelekee daktari pakiti yenyewe.

Halafu tupige hesabu. Mara 2 kwa wiki, miezi 6, ni mara 52. Mara 50,000 ni 2,600,000. Unga 180,000 kwa miezi 6 ni 1,080,000. Jumla 3,680,000. Operesheni yako ni 3,500,000. Yaani kwa hela hiyo ungeutoa mrija ukabaki na chenji ya kununulia vitamini za foliki asidi, ambazo kama hujaanza, anza sasa, mikrogramu 400 kwa siku. Na muda haurudishwi kwenye akaunti. Ukiwa na 37 kwenda 38, miezi 6 si kitu cha kumwachia mtu akijaribie. Fanya operesheni kwa hela iliyopo, pona, endelea kukusanya ya upandikizaji. Muulize daktari kama hali yako inaruhusu mayai yavunwe kwanza na viinitete vigandishwe kabla ya operesheni. Wapo wanaofanyiwa hivyo kwa sababu ya umri.

Nilitaka kumaliza hapo, ila baba wa nyumba amenikaa kooni.

Mume wako amekubali wewe uchomwe mara 52, kila mara sindano 10 au 15. Yeye ameshindwa kikopo kimoja. Simchukii, najua wanavyoogopa, wanaona majibu yakija mabaya uanaume umeisha. Mwambie kwa upole, si siku ya ugomvi na si baada ya simu ya Muheza. Mwambie kipimo chake hakitafuti mkosaji. Maabara wanahitaji kujua mapema kama mbegu zitaachwa zilifuate yai zenyewe au itabidi wachukue moja waiingize ndani ya yai, na bei yake ni tofauti. Mbegu zinachukua karibu miezi 3 kutengenezwa, kwa hiyo kama kuna la kurekebisha, sigara, pombe, maambukizi, basi miezi 4 ya kabatini ilikuwa inatosha kulirekebisha. Ajizuie siku 2 hadi 7 kabla, asitumie sabuni wala mafuta. Kama chumba cha maabara kinamtia aibu, wengi wanaruhusu atolee nyumbani, kikopo akiweke mfuko wa ndani wa shati kipate joto la mwili, kifike ndani ya saa 1. Kutoka Tabata asubuhi ya Jumamosi anawahi.

Na Jumapili simu ikilia, mpe yeye apokee. Ni mama yake, ajibu yeye mko wangapi.

Kikopo kile cha nyuma ya mashuka kitupe. Maabara watampa kingine, kipya, kimefungwa.

Shangazi